Mlango wa ndege ukishafungwa, uko chini ya sheria ya nani?

Kiti14B #1

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeukalia muda mrefu, leo acha niutue.

Nilikuwa kiti 14B, ndege bado inapakia. Mstari wa mbele yangu baba mmoja wa makamo alikuwa anahangaika kupandisha begi kwenye kabati la juu. Halipandi. Mhudumu akaja kumsaidia, akalinyanyua kwa mkono mmoja, likamshinda. Akauliza kwa upole tu: "Baba, humu umeweka nini?" Yule baba akacheka. "Bomu hilo, dada. Shika taratibu."

Tulicheka watu watatu wanne. Mhudumu hakucheka. Aliliachia begi pale pale juu ya kiti, akarudi mbele bila kukimbia, akachukua ile simu ya ukutani. Dakika kumi hazikuisha tukaambiwa tushuke wote na tuache kila kitu. Mizigo ya chini ikatolewa, ikapangwa kwenye zege, kila abiria akapelekwa kuonyesha sanduku lake kwa kidole. Tulikuja kuondoka baada ya zaidi ya saa nne.

Mimi kazi yangu ni ya makaratasi ya sheria, ila mambo ya anga sikuwahi kuyagusa. Nilipofika nikaanza kuchimba. Nilitegemea kukuta sheria za watekaji na mabomu. Nikakuta sheria za milango.

Simaanishi kwa mafumbo. Mkataba wa Hague wa Desemba 1970, ambao sheria nyingi za nchi kuhusu utekaji wa ndege zimenyonya kwake, unasema ndege iko safarini tangu milango yote ya nje ifungwe baada ya abiria kupanda, mpaka mlango mmojawapo ufunguliwe ili washuke. Magurudumu yako ardhini, injini hazijanguruma, unawaona watu wa mizigo kupitia dirishani, lakini kisheria umeshapaa.

Mkataba wa Montreal wa Septemba 1971, unaohusu kulipua na kuharibu ndege, ukaongeza kipimo cha pili: ndege "iko kazini". Hiki kinaanza pale watu wa chini au marubani wanapoanza kuiandaa kwa safari fulani, na kinakwisha saa 24 baada ya kutua. Kwa hiyo mtu akienda usiku kuchokoa ndege iliyotua jioni, hana pa kujitetea kwamba haikuwa inaruka. Hata ikiwa imelala, iko kazini.

Sasa swali. Yule baba alisema neno lile mlango ukiwa wazi. Ndege imesajiliwa nchi moja, tuko kwenye ardhi ya nchi nyingine, yeye ana pasipoti ya nchi ya tatu. Kosa lake ni la nani?

MtazamaMawingu #2

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Mkuu usituache njiani kama zile nyuzi za "itaendelea" ambazo haziendelei.

SpanaNamba10 #3

Hakuna cha kuumiza kichwa hapo. Mlikuwa mmeegesha kwenye ardhi ya nchi ya watu, basi ni sheria ya wenye ardhi. Watu wa sheria mnapenda kuzungusha vitu vilivyonyooka.

Kiti14B #4

SpanaNamba10, kwa lile begi uko sahihi, nitalirudia. Ila ipandishe ndege hiyo juu ya bahari kuu uone inavyopinda.

Agosti 1948 ndege ya Kimarekani ilikuwa inatoka San Juan, Puerto Rico, kwenda New York. Abiria wawili wamelewa, wakaanza kupigana nyuma huko. Abiria wenzao wakajazana mkiani kutazama ngumi, mpaka ndege ikaanza kuelemea nyuma. Rubani akamwachia mwenzake usukani, akaenda kuamua ugomvi. Mmoja wa walevi akamng'ata begani. Akampiga mhudumu pia.

Mashahidi tele, jeraha lipo, na ndege nzima iliona. Kesi ikafika mbele ya jaji New York, uamuzi ukatoka 1950: aliyoyafanya yamethibitika, lakini mahakama haina uwezo wa kumhukumu. Sheria iliyokuwapo ilizungumzia makosa ndani ya vyombo vya majini vya Marekani kwenye bahari kuu. Ndege si chombo cha majini, na kuwa juu ya bahari si kuwa baharini. Mng'ataji akaenda zake. Bunge la Marekani likaja kuziba pengo hilo 1952.

Uingereza nako 1956 mashtaka ya kasumba iliyokutwa kwenye ndege yao iliyokuwa kati ya Bahrain na Singapore yalianguka kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Kosa lilikuwapo kwenye vitabu, ila vitabu vyenyewe havikufika kule juu.

Ndipo ukaja Mkataba wa Tokyo wa Septemba 1963. Jambo lake kubwa ni moja tu: nchi ilikosajiliwa ndege ina uwezo wa kushitaki kosa lililotendeka ndani yake, popote ilipo. Ile bendera ndogo pale ubavuni na zile herufi za usajili si mapambo.

MtazamaMawingu #5

Kumng'ata rubani!! Hapo nimeweka simu chini kwanza.

GaliNyuma #6

Mwanzisha uzi, umeuliza mambo ambayo nimeyaishi. Nimekuwa mhudumu wa ndege miaka mingi, sasa nimestaafu. Nikuongezee kitu kutoka Tokyo hiyo hiyo ambacho abiria wengi hawakijui.

Milango ikishafungwa, nahodha anakuwa na mamlaka karibu ya polisi. Akiona kwa sababu za msingi kwamba mtu anahatarisha ndege au utulivu, anaweza kuagiza afungwe, anaweza kumshusha kituo cha karibu, na kama kosa ni zito anamkabidhi kwa vyombo vya dola pale atakapotua. Ila angalia maneno yalivyopangwa: sisi wahudumu anatuamuru, nyie abiria anawaomba. Abiria hawezi kulazimishwa kumkaba mtu. Na abiria akijitolea mwenyewe bila kuombwa, kwa sababu anaona hatari iko pale pale, mkataba unamkinga asije kushitakiwa kwa hilo.

Ile mikanda ya plastiki ya kufungia mikono nimeitumia mara mbili katika maisha yangu ya kazi. Ukiikaza sana damu haipiti, ukiilegeza mtu anachomoa mkono. Tulikuwa tunafundishwa tupitishe kidole kimoja katikati. Na mtu akifungwa, mhudumu mmoja anakaa naye mpaka mwisho, maana ikitokea dharura huwezi kumwacha pale kama mzigo.

Sasa niwaambie kinachouma. Safari moja abiria alimzaba kofi mwenzangu kwa sababu alimwambia arudishe kiti wima. Kofi la nguvu, hereni iliruka ikaangukia safu ya pili. Nahodha akatoa taarifa, tukatua, polisi wawili wakaingia. Wakauliza maswali matatu tu: ndege imesajiliwa wapi, aliyepigwa raia wa wapi, mpigaji raia wa wapi. Mmoja wao akafunga kidaftari chake. "Ndege si yetu, huyu si wetu, na yule si wetu." Wakashuka. Mpigaji akachukua begi lake, akatupita mlangoni, na kwa mazoea mwenzangu akamwambia "asante kwa kusafiri nasi" huku ameshika barafu shavuni.

Hiyo Tokyo yenu iko wapi hapo?

Kiti14B #7

Dada GaliNyuma, pole. Tena nakushukuru, maana hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu kuliko hata lile begi.

Wale polisi hawakuwa wazembe, angalau kwa karatasi. Tokyo iliipa nguvu nchi ya usajili. Nchi ilikotua ndege iliambiwa isiingilie, isipokuwa kwa sababu chache: kosa limegusa ardhi yake, au limetendwa na raia wake au dhidi ya raia wake, au limegusa usalama wake, na kadhalika. Kofi kati ya wageni wawili ndani ya ndege ya kigeni halimo. Na nchi ya usajili, iliyoko mbali huko, itatuma mpelelezi kwa ajili ya kofi? Mashahidi mia mbili wameshatawanyika kona zote za dunia.

Isitoshe, siku hizi ndege nyingi ni za kukodi. Inaweza kusajiliwa mahali ambapo haijawahi hata kutua kwa mwaka mzima.

Hili pengo lilijulikana miaka mingi. ICAO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, lilitoa mwongozo mwaka 2002 wenye sheria ya mfano ambayo nchi zingeweza kuinakili. Kiraka chenyewe kimekuja na Itifaki ya Montreal ya Aprili 2014, inayorekebisha ile Tokyo, iliyoanza kutumika Januari 1, 2020. Inaongeza nchi mbili kwenye orodha ya wenye uwezo wa kushitaki: ilikotua ndege, na ile ya shirika linaloiendesha. Lakini itifaki ni kwa walioiridhia. Na hata ukiridhia, polisi wa uwanjani hashitaki kwa itifaki, anashitaki kwa kifungu cha sheria ya nchi yake. Bunge lisipotunga kifungu, kidaftari kitafungwa vile vile.

ChumaChaMoto #8

Mnabembeleza sana. Mtu akihatarisha ndege yenye watu mia tatu dawa ni moja, kitanzi. Walevi, wateka nyara, wenye utani wa bomu, wote kapu moja. Mbona ajali za anga zingepungua.

SpanaNamba10 #9

ChumaChaMoto, mlevi unamnyonga? Basi nusu ya wanaopanda ndege za usiku hawatafika.

Kiti14B #10

ChumaChaMoto, ziko nchi zenye kitanzi. Mikataba yenyewe haitaji miaka, inasema tu "adhabu kali" na kuziachia nchi. Ndiyo maana unakuta tofauti kubwa. Marekani kuteka ndege ni miaka isiyopungua 20, na mtu akifa katika tukio inafika maisha au kifo. India ilikuwa na sheria ya 1982, ikaifuta na kuweka ya 2016 yenye kifungo cha maisha na, mateka au mlinzi akiuawa, adhabu ya kifo.

Sasa sikiliza ilivyotumika. Oktoba 2017, ndege kutoka Mumbai kwenda Delhi. Karatasi inakutwa chooni, imeandikwa kwamba kuna watekaji ndani na bomu. Ndege ikageuzwa ikatua Ahmedabad. Hapakuwa na mtekaji wala bomu, karatasi tu. Abiria mmoja akashitakiwa kwa sheria mpya, na Juni 2019 akahukumiwa kifungo cha maisha na faini ya rupia milioni 50. Agosti 2023 mahakama ya juu ikamwachia, ushahidi haukutosha. Ingekuwa kitanzi chako, rufaa ingemkuta wapi?

Mimi msimamo wangu ni kwamba ukali wa adhabu ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuandika. Kazi ngumu ni kuandika nani anashitaki, kuanzia sekunde ipi. Wabunge wengi wanapenda ile ya kwanza kwa sababu inasikika vizuri jukwaani.

ChumaChaMoto #11

Sawa wakili. Sasa nijibu hili: ndege imetekwa, inaelekezwa kwenye jengo la watu. Huwezi kuisubiri itue ukaangalie mlango. Inatunguliwa. Au na hilo lina kifungu?

Kiti14B #12

Lina kifungu, na kifungu kilifutwa.

Ujerumani, Januari 2005, walitunga sheria ya usalama wa anga ikimruhusu waziri wa ulinzi kuamuru ndege ya aina hiyo itunguliwe. Mwaka uliofuata, Februari 15, 2006, mahakama yao ya katiba ikaliondoa fungu hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba abiria waliomo hawana kosa, na dola haiwezi kuwageuza kuwa kifaa cha kuokolea wengine. Kusema "watakufa tu hata hivyo" hakumpi mtu ruhusa ya kuwaua dakika tano mapema.

Na kabla ya hapo, baada ya ndege ya abiria ya Korea kutunguliwa na Wasovieti Septemba 1983 wakafa watu 269, Mkataba wa Chicago, ule wa msingi wa usafiri wa anga wa kiraia, uliongezewa ibara mwaka 1984 inayozitaka nchi zijizuie kutumia silaha dhidi ya ndege za kiraia zikiwa angani.

Najua utasema majaji hawakuwa ndani ya jengo. Sina jibu la kukuridhisha. Hukumu ile nimeisoma mara mbili na bado inanikosesha raha, lakini nisingependa kuwa nchi ambayo waziri anaweza kupiga hesabu ya vichwa na kuamua.

NjiaYaPanya #13

Naomba kuelimishwa. Je, mtu akiteka ndege kwa sababu anakimbia kuuawa kwao? Hana silaha ya kweli, hajamjeruhi mtu, anataka tu kufika mahali salama. Naye ni mharamia?

Kiti14B #14

Swali zuri sana, na jibu lake liko Stansted, uwanja wa Uingereza ambao sijui una sumaku gani kwa ndege zilizotekwa. Februari 1982 ndege ya Tanzania iliyotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam iliishia hapo. Walioiteka walishitakiwa na kufungwa huko huko Uingereza, ingawa kosa lilianza maelfu ya kilomita kutoka hapo na ndege haikuwa ya Uingereza. Hiyo ndiyo nguvu ya Hague: mtekaji akitua kwako, ama umkabidhi kwa wanaomtaka ama umfikishe mbele ya waendesha mashtaka wako. Hakuna kumfungulia mlango wa nyuma.

Agosti 1996 ikatua nyingine, ya Sudan, iliyokuwa inatoka Khartoum kwenda Amman. Watekaji walikuwa Wairaki waliosema wanakimbia kurudishwa kwa Saddam. Walitiwa hatiani 1997, lakini Desemba 1998 mahakama ya rufaa ikatengua: jaji alikosea kutowaachia wazee wa baraza waamue kama watu hawa walitenda kwa kulazimishwa na hofu ya kifo. Kwa hiyo, NjiaYaPanya, kosa linabaki kosa, ila utetezi wa kulazimika upo na unasikilizwa. Ni mlango mwembamba. Abiria uliowatia hofu nao wana haki yao.

SpanaNamba10 #15

Hiyo ya "mkabidhi au mshitaki" naona ina tundu. Nchi ikisema "nitamshitaki mwenyewe", halafu ikamfanyia kesi ya maigizo?

Kiti14B #16

Umegonga penyewe. Lockerbie, Desemba 21, 1988: ndege ya abiria ya Kimarekani ililipuliwa kwa bomu juu ya mji huo wa Uskoti, wakafa watu 270, wakiwamo 11 waliokuwa majumbani mwao chini. Marekani na Uingereza zikawataka Walibya wawili. Libya ikajibu kwa Mkataba wa Montreal ule wa 1971: kifungu kinaniruhusu kuwashitaki mwenyewe, na 1992 ikafungua kesi Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Kwa kusoma maneno ya mkataba peke yake, Libya haikuwa inaropoka. Baraza la Usalama likaingia kati kwa vikwazo mwaka huo huo. Mwisho wake ukawa kitu cha ajabu: majaji wa Uskoti, sheria ya Uskoti, ndani ya kambi ya Zeist nchini Uholanzi, bila wazee wa baraza. Januari 2001 mmoja akatiwa hatiani, mwingine akaachiwa.

MtazamaMawingu #17

Mkuu mimi nilikuwa najiuliza, hivi hizi sheria zinawagusa wakubwa au ni za walevi wa daraja la nyuma tu?

GaliNyuma #18

Ngoja nimjibu mimi, maana hii tuliijadili sana kazini wakati ule. Desemba 2014, New York. Bosi wa juu wa shirika la ndege la Korea Kusini, binti wa mwenye shirika, yuko daraja la kwanza. Karanga za makadamia zikaletwa kwenye pakiti badala ya kibakuli. Akawaka, na ndege iliyokwisha kusukumwa kutoka kwenye maegesho ikarudishwa ili msimamizi wa wahudumu ashushwe. Sisi tuliopita kazi ile tulilia na kucheka. Lakini sheria yake ilivyokwenda mwachieni mwanzisha uzi.

Kiti14B #19

Asante dada. Hii ndiyo kesi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inarudi kwenye mlango.

Walimshitaki, pamoja na mengine, kwa kubadilisha njia ya ndege, kosa zito katika sheria yao ya usalama wa anga. Mahakama ya kwanza ikasema ndiyo, milango ilikuwa imefungwa, ndege iko safarini, umeirudisha, mwaka mmoja jela. Rufaa, Mei 2015, ikauliza: sawa, ndege ilikuwa safarini, lakini je, mita chache za zege kati ya maegesho na barabara ya ndege ni "njia"? Kwa lugha ya kawaida njia ya ndege iko hewani. Wakamwondolea kosa hilo, yakabaki mengine kwa kifungo cha nje. Desemba 2017 mahakama yao kuu ikakubali.

Mnaona? Mtunga sheria alifafanua kwa makini safari inaanza lini, akasahau kufafanua njia ni nini. Neno moja.

NjiaYaPanya #20

Na yule bibi wa Uchina wa sarafu? Nilisikia nikadhani ni hadithi.

Kiti14B #21

Si hadithi. Juni 2017, uwanja wa Pudong, Shanghai. Bibi wa miaka 80 akiwa anapanda alirusha sarafu tisa kuelekea injini, kuombea safari njema. Nane zikakosa, moja ikaingia. Abiria wakashushwa, mafundi wakaifungua injini kuitafuta. Alistahili kuwekwa ndani siku tano, akasamehewa kwa sababu sheria yao wakati ule haikuwa ikiwaweka kizuizini kwa makosa madogo wenye miaka 70 na zaidi.

Nia yake ilikuwa kuilinda ndege. Hapo ndipo sheria ya jinai inakwama kidogo, maana mikataba yote hii inatafuta mtu aliyekusudia. Mzembe, mshirikina, mpiga picha na droni yake, anayechezea leza dirishani, hao wameachiwa sheria za ndani. Uingereza ilitunga ya leza peke yake mwaka 2018, kifungo hadi miaka mitano, na huhitaji kuthibitisha kwamba mtu alitaka kumpofusha rubani. Inatosha kwamba alimulika chombo na mwanga ukamsumbua au ungeweza kumsumbua anayeendesha. Huo ni uandishi mzuri wa sheria, ukiniuliza mimi.

SpanaNamba10 #22

Na akiiteka kwa kompyuta yuko sebuleni kwake? Mimi ndiyo ninaloliogopa kuliko leza.

Kiti14B #23

Hague ya 1970 ilitaka mtekaji awe ndani ya ndege. Wa sebuleni asingeguswa. Itifaki ya Beijing ya 2010 ikaondoa sharti hilo na kutaja njia za kiteknolojia, na ikaacha kutegemea mlango: sasa utekaji unahesabiwa ndege ikiwa kazini, kile kipimo cha saa 24. Mkataba wa Beijing uliosainiwa siku ile ile ukaongeza kosa la kuitumia ndege yenyewe kama silaha. Septemba 2001 halikuwamo kwa jina katika mkataba wowote. Vyote viwili vilianza kutumika 2018, na nchi ambazo hazijaviridhia bado ziko kwenye 1970.

GaliNyuma #24

Bado una deni. Yule baba wa begi.

Kiti14B #25

Sijasahau dada.

Montreal ya 1971 inataja taarifa za uongo, lakini lazima msemaji ajue ni uongo na maneno yake yahatarishe ndege iliyo safarini. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo hatukuwa safarini. Nahodha naye mamlaka yake ya Tokyo yalikuwa hayajaanza. SpanaNamba10 alipata: sheria ya wenye ardhi. Na sheria za ndani kwa utani wa bomu hazifanani. Uingereza kifungu chao cha 1977 kinafika miaka saba, ila kinataka uwe na nia ya kumfanya mtu aamini. Mtu anayecheka huku anasema, anaweza kupenya. Marekani wameweka ngazi mbili, faini kwa anayesema uongo akijua, na jela kwa mwenye hila au asiyejali kabisa matokeo. Hatujui walimpa ipi huko, maana sisi tuliondoka naye hakurudi ndani.

Ila begi nililiona. Nilipopelekwa kuonyesha sanduku langu nilipita hatua kumi kutoka pale walipokuwa wameliweka juu ya zege, tayari limefunguliwa, hatari imeshaondolewa. Ndani ya shuka iliyokunjwa mara nne kulikuwa na kichwa cha cherehani, cheusi, cha zamani. Yule baba alikuwa amesimama katikati ya askari wawili, anaongea haraka haraka. Askari wa tatu alikuwa amechuchumaa mbele ya kile chuma. Akashika gurudumu la pembeni, akalizungusha mara moja, sindano ikashuka, ikapanda.